Zamu na Bakuli la Mchana

Kila asubuhi, kabla kengele ya shule haijalia, Cheche alikuwa amekwisha kufanya nusu ya kazi zake na kuharibu robo. Alifagia huku akiruka kamba ambayo haikuwepo. Aliteka maji mbiombio, na ndoo ilipofika uani ilikuwa imepungua, gauni nalo limelowa hadi magotini. Jina hilo alipewa na bibi yake, mama mzaa mama, tangu siku alipoanza kutembea. Bibi alisema huyu si mtoto wa kukaa, ni cheche ya moto: ukimtazama hapa, amekwisha kurukia kule. Jina likamganda, na sasa alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili bila dalili ya kupoa.

Baba yake alikuwa na kinu cha kusaga nafaka, na watu wa mtaa walimwita Baba Kinu. Chumba cha kinu kilitazama barabara, nyumba ilikuwa nyuma, na katikati palikuwa na ua mdogo wenye kamba ya nguo na kuku wasioogopa mtu. Kinu kilipounguruma, kuta zilitetemeka na watu walisemezana kwa mikono. Kilipozimwa, masikio yalibaki yakivuma, na vumbi la unga lilitua polepole juu ya kila kitu, hata juu ya kope za baba.

Asubuhi moja mteja alileta debe la mahindi, na Cheche akaomba kukilisha kinu yeye mwenyewe. Baba akampa kopo. Kazi ilikuwa kumimina kidogo kidogo katika sanduku la bati lililo juu ya kinu, kusikiliza mlio wake, kisha kumimina tena. Cheche alimimina kopo la kwanza, akamimina la pili, akaitazama saa ukutani, akaliinua debe zima akalimwaga. Kinu kikakoroma. Mkanda ukalia kama paka aliyekanyagwa mkia, na harufu ya mpira unaoungua ikajaa chumbani. Baba akaizima injini.

"Sasa umeokoa nini?" aliuliza taratibu.

Cheche alisema alitaka kumaliza upesi, na debe ni debe, ulisage mara moja au mara nne.

"Haya, kaa hapo uone lilivyomalizika upesi."

Baba akachukua spana, akaanza kukifungua kinu. Mteja akaketi juu ya gunia, akasema mahindi yake hayana haraka, ila wanawe wanaosubiri unga wanayo. Cheche alichelewa shule siku hiyo. Lakini somo la kinu lililoingia kwa sikio la kulia lilitokea kwa la kushoto, maana mawazo yake yalikuwa kwa Zamu.

Zamu alikuwa mbwa wa kinu, wa rangi ya kahawia, mwenye sikio moja lililosimama na jingine lililolala. Kwa miaka yote aliyolinda hapo, alilishwa mara moja tu kwa siku, asubuhi kinu kilipofunguliwa. Hiyo ilikuwa sheria ya baba, naye aliirithi kwa baba yake: mbwa aliyeshiba hulala, na mbwa aliyelala halindi. Kila mwenye kinu au duka la jirani aliifuata sheria hiyo, wala hakuna aliyewahi kuuliza kama ni kweli.

Sasa Zamu alikuwa amezaa. Alijifungulia ghalani, ubavuni mwa chumba cha kinu, nyuma ya lundo la magunia matupu, siku chache tu baada ya mama kujifungua mtoto wa kiume. Bibi, aliyekuja kumtunza mama, alicheka akasema nyumba imepata wazazi wawili, na yeye ana mikono miwili tu. Zamu alizaa watoto watano. Wanne walikuwa wanene kama viazi. Wa tano alikuwa mdogo mno, mweusi wote isipokuwa ncha ya mkia, na Cheche akamwita Kidonge.

Daktari wa mifugo ndiye aliyeibadilisha sheria. Alikuwa mwanamke mrefu aliyekuja na pikipiki kusaga nafaka yake kama watu wengine, na alipoambiwa kuna mbwa mzazi akataka kumwona. Alichuchumaa ghalani, akampapasa Zamu mbavu, kisha akamuuliza baba huyu analishwaje. Baba alipomweleza, daktari hakumcheka. Alisema sheria hiyo huenda inamfaa mbwa asiye na mtoto, ingawa naye ana shaka nayo. Mbwa anayenyonyesha ni jambo jingine. Anahitaji chakula mara mbili au hata mara tatu ya kile alichozoea, tena chakula chenye nguvu: uji mzito uliochemshwa na mabaki ya nyama, bila mifupa, bila chumvi nyingi. Asipewe chote kwa mpigo, kwa sababu tumbo lake halikibebi. Agawiwe asubuhi, mchana, alasiri na jioni. Na maji safi yasikauke mbele yake, maana maziwa hayatoki hewani.

Baba alikuna kichwa, akaangusha unga mabegani. Alisema yeye yuko kinuni kutwa, mama yuko kitandani, na bibi ana kazi zake.

"Nitamlisha mimi," Cheche alisema, akiwa tayari amesimama kwa mguu mmoja.

"Wewe? Utaweza kurudi mchana?"

"Shule si hapo tu, baba. Nikikimbia nafika kabla hujapiga chafya."

Baba akamtazama, akamtazama na daktari. Kisha akampa neno ambalo Cheche hakulitegemea. Kama watoto wote watano wangekua, mmoja angekuwa wake, achague sasa hivi. Cheche hakusita. Alichagua Kidonge.

*

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Asubuhi Cheche alichemsha uji na mabaki ya nyama kutoka kwa mchinjaji wa pale kona, akampa Zamu fungu la kwanza, akayafunika mengine. Wenzake walipokwenda kucheza wakati wa mapumziko ya mchana, yeye alikimbia nyumbani, akapasha uji moto, akabadilisha maji, akarudi shuleni anahema. Zamu alimsikia kwa mbali, na mkia wake ulipiga magunia pu, pu, pu. Ubavuni pake watoto walijipanga wakinyonya, na Kidonge alibanwa mwishoni, akisukuma kwa makucha yaliyofanana na punje za mchele.

Lakini shuleni kulikuwa na timu ya kuruka kamba, na Cheche alikuwa mwepesi kuliko wote. Mashindano baina ya shule yalikuwa yanakaribia. Mazoezi yalifanywa mchana, na tena baada ya masomo. Kiongozi wa timu, msichana waliyemwita Twiga kwa urefu wake, alichoka kumsubiri.

"Yaya wa mbwa kafika," alisema siku moja Cheche aliporudi mbio, na kundi zima likaangua kicheko. "Umeshamnyonyesha, au bado?"

Mwingine akauliza kama nepi za mbwa zinafuliwa kwa sabuni gani. Cheche alicheka pamoja nao, kwa kuwa asiyecheka huchekwa zaidi. Ila maneno yalimchoma, na usiku yalikuwa bado yanamchoma. Asubuhi yake, akiwa ameinamia sufuria, akapata wazo lililoonekana la akili sana. Mafungu manne ni mafungu manne. Kama Zamu anatakiwa kula bakuli nne, kwa nini asipewe bakuli nne sasa hivi, halafu ale mwenyewe apendapo? Debe ni debe.

Basi akachukua beseni, akamimina chakula cha siku nzima. Kilipoonekana kidogo katika beseni kubwa, akaongeza pumba kutoka chini ya kinu, zikavimba, beseni likajaa hadi ukingoni. Lilipendeza kulitazama. Cheche alifunga mlango wa ghala nusu ili Zamu aweze kutoka, akaenda shule. Mchana huo aliruka kamba hadi vumbi likafunika soksi zake, na Twiga akampiga bega akasema sasa tuna timu.

Jioni baba alimuuliza kama Zamu amepewa cha mchana.

"Nimempa, baba."

Wala haukuwa uongo mtupu, alijiambia. Cha mchana alikuwa amempa kweli. Ila hakusema alimpa saa ngapi.

Siku zilizofuata alifanya vivyo hivyo, na kila kitu kikaanza kwenda kombo. Zamu alikula kiasi alichoweza asubuhi, akasaza. Kufikia mchana, joto la injini lilikuwa limekichachisha kilichobaki. Nzi walikijua. Kuku walikijua pia, wakaingia kwa ule mlango nusu, wakala wakachakura. Bakuli la maji lilipata vumbi la unga, likageuka gundi. Cheche aliporudi jioni alikuta beseni tupu, akafurahi, akadhani Zamu amekula akashiba.

Kilichomsumbua kilikuwa sauti. Kinu kilipokuwa kikinguruma, hakuna aliyesikia kitu. Kilipozimwa, kabla unga haujatua, ilisikika sauti nyembamba kutoka ghalani, kama mlango unaohitaji mafuta. Ilianza moja, zikawa mbili, zikawa zote. Watoto wa mbwa walilia. Walinyonya, wakaachia, wakalia, wakagombania chuchu nyingine, wakaachia tena. Zamu aliinuka akazunguka, akalala, akainuka. Mbavu zake zilihesabika.

Cheche hakutulia tena, na safari hii hakukuwa kutotulia kwa furaha. Darasani, mwenzake alipoburuta kiti, yeye aligeuka. Mwalimu alipofuta ubao, yeye alisikia ghala. Mezani alikula wima. Alikwenda ghalani, akaingia, akatoka, akaingia tena, bila kufanya lolote la maana, kama mtu aliyepoteza ufunguo asiojua ni wa mlango upi. Aliogopa kubadilisha mpango wake, kwa sababu kuubadilisha kungekuwa sawa na kukiri kwamba ulikuwa mbaya.

Jioni moja alikuwa chumbani kwa mama. Bibi aliingia na kikombe cha uji, akamwinua mama mgongoni, akamwekea mto, akampa. Haikuwa mara ya kwanza siku hiyo, wala haikuwa ya pili. Mtoto alikuwa amelala, na kutoka uani ile sauti nyembamba ilikuja tena. Mama akaacha kunywa.

"Wale wana njaa," alisema.

"Si njaa, mama. Wanacheza," Cheche alidakia.

"Mimi nakijua kilio cha njaa, mwanangu. Nimelala nacho kitanda kimoja."

Cheche aligeuza macho ukutani. Kisha, kama vile anauliza jambo lisilo na mkia wala kichwa, akamwambia bibi kwamba anajichosha bure kwenda jikoni na kurudi. Kwa nini asimpe mama sufuria nzima ya uji asubuhi, mambo yakaisha?

Bibi alicheka mpaka kikombe kikatikisika. "Mke mwenzangu, wewe ukizaa nitakuhurumia. Nikimwachia sufuria nzima asubuhi, atakunywa kikombe, na uliobaki utachacha. Mchana tumbo tupu, jioni ziwa tupu, na mtoto atatulilia sote. Mzazi halishwi kama anayefunga safari."

Mama naye alicheka. Cheche peke yake hakucheka.

Usiku ule, kabla ya kulala, alipiga magoti kama alivyofundishwa. Alianza kumwomba Mungu awabariki mama na mtoto, na hayo yalitoka bila shida. Alipofika kwa Kidonge, maneno yakakwama. Angemwambiaje Mungu amshibishe Kidonge, na Mungu ameliona beseni? Alikaa hapo magotini mpaka yakamuuma, akaingia kitandani bila kusema amina.

*

Kesho yake, siku ya mapumziko, asubuhi na mapema, baba alimkuta Kidonge ametengana na wenzake, amelala kando ya gunia. Hakulia. Cheche alimshika na kuhisi tumbo lake limepoa kama mchanga wa kivulini. Mdomo wake ulifunguka kidogo, ukafumba.

Baba alituma ujumbe kwa daktari. Pikipiki ilipoingia uani, kuku wakatawanyika, na Cheche akatamani angekuwa kuku. Bibi alisimama mlangoni amejifunga kanga kiunoni. Mama alisogea hadi dirishani, mtoto begani.

Daktari alimfunga Kidonge katika kitambaa, akampa Cheche amshikilie kifuani ndani ya sweta. Alisema mtoto aliyepoa halishwi kabla hajapata joto, kwani akilishwa chakula hukaa tu tumboni kikamdhuru. Kisha akamgeukia Zamu. Alizibonyeza chuchu moja moja, taratibu, huku akimsemesha. Alimpima homa. Akamfumbua mdomo akautazama ufizi, akakunja uso.

"Chuchu hazina uvimbe," alisema. "Homa hana. Ila maziwa ni machache mno. Baba Cheche, huyu anakula mara ngapi?"

"Mara nne, kama ulivyotuambia," baba alijibu, na sauti yake ilikuwa na fahari. "Binti yangu anarudi kutoka shule kila mchana kumlisha. Hajakosa hata siku moja."

Daktari akazitazama tena mbavu za Zamu. Alisema basi jambo hili si dogo. Kama mbwa anakula chakula kizuri mara nne kwa siku na bado anakonda na maziwa yanakauka, lazima kuna ugonjwa ndani ambao mkono hauwezi kuuona. Itabidi ampeleke Zamu kituoni leo, atolewe damu, aanzishiwe dawa kali. Na kwa kuwa dawa hiyo huingia katika maziwa, watoto watengwe na mama yao. Wanne labda watastahimili kunyonyeshwa kwa chupa. Hakusema lolote juu ya wa tano.

Baba aliinama kumfunga Zamu kamba. Zamu hakubweka. Aliwatazama watoto wake, akamtazama Cheche, sikio moja limesimama na moja limelala, na mkia ukapiga gunia mara moja. Alikuwa bado anamsubiri na bakuli la mchana.

Cheche alikuwa akihamisha uzito mguu huu na ule. Sasa miguu yote miwili ikaganda. Ndani ya sweta alihisi kitu kidogo kikitikisika, kama moyo wa pili.

"Si mara nne," alisema.

Hakuna aliyemsikia, maana baba alikuwa akihangaika na kamba. Akarudia kwa nguvu zaidi.

"Baba, simpi mara nne. Nampa mara moja tu, asubuhi. Natia chote katika beseni, naongeza pumba lijae, naenda zangu. Mchana huwa siji. Naruka kamba."

Hata kuku walionekana kusikiliza. Baba alisimama wima polepole, kamba mkononi, na Cheche akaona uso wake ukibadilika, kwanza kwa mshangao, halafu kwa kitu kilichomuuma zaidi ya hasira. Alikuwa amemsifu mbele za watu.

"Na kila jioni nikikuuliza?"

"Nilikuwa nakudanganya, baba."

Daktari aliomba aonyeshwe beseni. Cheche alimwongoza, na daktari akachota mabaki kwa kidole, akanusa, akatazama alama za kuku na lile bakuli la maji lililoganda. Aliporudi, alimwambia baba aifungue kamba.

"Zamu haumwi," alisema. "Ana njaa na kiu. Pumba hujaza tumbo lakini hazijengi maziwa, ni kama kumpa mtu maganda akala. Uji wake umeliwa na kuku wenu, nao wamenenepa, nimewaona." Kisha akamtazama Cheche machoni. "Ungenyamaza, ningemtia dawa ya ugonjwa asiokuwa nao, na hawa wangekosa hata hicho kidogo wanachokipata. Mnyama hawezi kuniambia kilichompata, binti. Ninyi ndio mdomo wake. Mdomo ukidanganya, dawa yangu inageuka sumu."

Cheche alitaka kufanya kitu, chochote, wakati ule ule. Alisema angekwenda kuleta maziwa ya ng'ombe aliyowekewa mama jikoni, Zamu anywe bakuli zima. Daktari akamzuia. Maziwa ya ng'ombe yangemharisha Zamu na kumkausha zaidi. Amletee kwanza maji safi. Kisha uji mzito wenye nyama, vuguvugu, bakuli dogo. Baadaye kidogo, bakuli jingine dogo. Na yeye Cheche aendelee kuwa joto la Kidonge mpaka aambiwe.

Bibi alikwisha kwenda jikoni zamani. Alirudi na sufuria, akamnong'oneza mjukuu wake alipompita.

"Uliomba jana usiku?"

"Nilishindwa, bibi."

"Basi omba sasa, njia iko wazi. Mungu anasikia, ila hatashuka kukukorogea uji. Huo ni wa mikono yetu."

Cheche akaomba hapo hapo, wima, macho wazi, mkono mmoja juu ya sweta.

Zamu alikunywa maji mpaka ulimi ukapiga chini ya bakuli, akaongezewa, akanywa tena. Alikula bakuli la kwanza bila kupumua. Jua lilipopanda, Kidonge alianza kujinyonganyonga. Daktari alimtia mdomoni matone ya maziwa maalumu ya watoto wa mbwa kwa bomba dogo lisilo na sindano, tone baada ya tone, akimpa muda wa kumeza. Tone la kwanza lilimwagika. La pili pia. La tatu likaingia, na koo lake likapanda na kushuka. Cheche aliacha kuhema mpaka alipoliona likipanda tena.

*

Kazi iliyofuata haikuwa na kitu cha kusisimua, na hapo ndipo palipokuwa na ugumu wake. Bakuli, kisha bakuli. Kuosha, kuchemsha, kutoa mifupa, kupoza, kubadilisha maji kabla hayajapata unga. Kidonge alipewa matone yake, halafu akawekwa kwenye chuchu ya nyuma, ile yenye maziwa mengi, wenzake wakizuiwa kwa mkono hadi ashibe. Baba hakumpa mtu mwingine kazi hiyo, ingawa Cheche alidhani atampa. Hakumkaripia sana pia. Alichofanya ni kwamba kila jioni alikuja ghalani kutazama kwa macho yake, na kila alipoinama kupapasa bakuli, Cheche alijua kwamba imani iliyomwagika haizoleki kwa siku moja.

Shuleni alimwambia Twiga ukweli: mchana hatakuwepo, na kama timu itamwacha, imwache. Twiga akauliza kama huyo Kidonge ni mdogo kweli kama anavyosema. Siku iliyofuata alimfuata nyumbani, akainamisha kichwa ili asigonge mlango wa ghala, akachuchumaa. Kidonge akamnyonya kidole. Yaya wa mbwa wakawa wawili, na mazoezi ya mchana yakahamia uani kwa Baba Kinu, kati ya bakuli na kengele. Kuku ndio waliolalamika.

Polepole mbavu za Zamu zikajificha. Watoto wakafumbua macho, wakaanza kuyumbayumba juu ya magunia yote, na kilio kile chembamba kikaacha kusikika kinu kilipozimwa.

Alasiri moja baba alimwita Cheche kinuni. Mteja alikuwa ameleta debe la mahindi. Baba akampa kopo, akasimama kando. Cheche alimimina kidogo, akasikiliza. Mlio ulikuwa mzito, akangoja. Ulipokuwa mwepesi akamimina tena. Unga ulishuka laini, wa moto, bila kukatika, hadi debe likaisha. Baba akazima injini.

"Unasikia?" aliuliza.

Cheche alitega sikio. Kutoka ghalani ilikuja sauti ya kunyonya tu, ndogo, yenye pupa.

"Mwanangu," baba alisema, akijipangusa unga usoni kwa kiganja, "mimi nilirithi sheria, nikaifuata bila kuuliza, na Zamu akalala njaa miaka mingi. Hilo ni langu, nimemwomba Mungu anisamehe. Lako ni hili. Kinu hakilishwi kwa pupa, mzazi halishwi kwa mpigo, na kazi ya kila siku haifanywi kwa siku moja. Ukishindwa, na kila mtu hushindwa, njoo useme mapema. Siku ile ulisema kwa kuchelewa, lakini ulisema, na Kidonge yuko hai kwa sababu hiyo. Kwa hiyo ni wako, kama nilivyoahidi."

Macho ya Cheche yakaenda kwenye saa ya ukutani.

"Unakwenda wapi tena?" baba aliuliza, maana binti yake alikuwa amekwisha kufika mlangoni.

"Bakuli la alasiri, baba," alisema, na safari hii baba hakumfuata kwenda kutazama.